Swali la Saba: Atahamia Wapi?

Ulikuwa umebaki mlango mmoja tu.

Saa kumi na mbili na robo jioni. Mkononi nilikuwa na fomu ya mwisho, kopo la rangi nyekundu iliyoanza kuganda, na lengelenge kwenye kidole gumba kwa kushika brashi tangu asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kuandikisha wapangaji wa vyumba vitakavyobomolewa kupisha ghorofa jingine. La kwanza lilikwishasimama nyuma ya ukuta uliopakana na vyumba hivyo, vioo vitupu. Tangu saa tisa kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya mabati yote, kwa hiyo huku chini jioni iliingia mapema kuliko kwingine.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Unapiga hodi mara tatu. Akiitika mtu, unamwuliza maswali saba na kuandika anavyojibu, neno kwa neno. Asipoitika, unaandika "hakuna mtu". Vyovyote iwavyo, unachora alama mlangoni, unaondoka. Mkuu wetu wa kazi alipenda kutukumbusha kwamba ambaye hakuandikwa hakuwahi kuishi hapo. Alisema kwa utani. Nami nilicheka, kwa kujikomba.

Nilikuwa na haraka. Mama amepooza upande mmoja, na jirani anayemwangalia huondoka saa moja kamili. Sijawahi kumwacha peke yake gizani. Hata siku moja.

Fundi viatu wa chumba cha nane alikuwa akikusanya misumari yake. Tangu asubuhi aliniita msomi, akitaka kujua kama kuchafua milango ya watu nako kuna shahada yake. Nilipomwuliza kuhusu chumba cha tisa, kile kilichoegemea ukuta, utani ulimwisha. Alisema niandike hakuna mtu, niende zangu.

"Umeshapiga hodi?"

Nikamwambia bado.

"Basi usipige."

Lakini mimi siwezi kuandika nisichokihakikisha. Silali.

Hodi.

Kimya.

Hodi.

Nyuma ya ukuta, kengele ya lifti ililia mara moja, ikanyamaza. Nilikuwa sijafungua mdomo mara ya tatu...

"Karibu, mwanangu."

Ndani mlinuka chokaa mbichi, mafuta ya taa, na kitu kama nguo zilizokunjwa kabla ya kukauka. Mwanamke mtu mzima alikuwa amekaa juu ya furushi la matandiko, limefungwa tayari kwa safari. Uso sikuuona vizuri. Niliona miguu. Ilikuwa na vumbi jeupe hadi magotini, vumbi la tofali lililosagwa, na mtaani humo lilikuwa bado halijavunjwa hata tofali moja.

Nilisimama mlangoni, nikamulika fomu kwa simu. Alijibu kwa kunong'ona, bila kusubiri nimalize kuuliza, kama mtu aliyezoea maswali yenyewe. Jina? Niandike Mpangaji, inatosha. Ameishi hapa tangu lini? Tangu walipobomoa kule. Kule wapi? Akataja mtaa ambao leo ni jengo la maduka. Na kabla ya hapo? Mwingine, ambao leo ni maegesho ya magari. Na kabla ya hapo...

Hapo nilipafahamu. Ndipo ilipo ofisi yetu.

Nikaruka hadi la saba. Atahamia wapi?

Wengi walilijibu kwa tusi. Fundi viatu alitaka niandike "kwa bosi wenu, sebuleni". Huyu alitaja mtaa, nikaandika. Nyumba yenye geti la kijani, nikaandika. Chumba cha pili kushoto, kitanda cha dirishani... Mkono ulikuwa umefika mwisho wa mstari ndipo macho yangu yaliposoma.

Palikuwa kwangu.

Nilipoinua simu, hapakuwa na mwanamke. Hapakuwa na furushi.

Nilimrudia fundi viatu, rangi imenimwagikia sketi. Hakutaka hata kuigusa fomu. Alininong'oneza kwamba kule yalipo maduka sasa, kabla mtaa haujabomolewa, alikuja kijana wa ofisi kama mimi, akamwandika mama huyo, naye akatajiwa nyumba yake mwenyewe. Akaogopa. Akaukata mstari kwa wino.

"Akaenda kwao. Mkewe akamfungulia, akamwuliza, wewe nani? Wanawe hivyo hivyo. Mpaka leo hawamjui."

Nikamwuliza nisipoukata itakuwaje.

Alitazama pembeni. "Si umeshampa pa kwenda?"

Nilikimbia. Nilifika saa moja na dakika ishirini, na jirani alikuwa ameondoka. Taa ilikuwa inawaka. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, si chake, ametabasamu kwa pande zote mbili za mdomo, jambo ambalo daktari alituambia tusilitarajie tena. Kitanda chake kilikuwa na furushi. Aliniambia mgeni ni mstaarabu sana, kwa hiyo amempisha dirishani.

Sikumwuliza alivukaje sakafu.

Kwenye sakafu palikuwa na nyayo nyeupe. Si za mtu mmoja. Kubwa, ndogo, za watoto. Zote ziliingia. Hata moja haikutoka.

Nikachutama, nikafunua fomu gotini, nikaweka ncha ya kalamu juu ya mstari. Mkwaruzo mmoja tu. Kisha nikamtazama Mama, nikamwona akinitazama kwa macho yanayonijua... na nikajiuliza, akiniuliza mimi ni nani, ni nani atamgeuza usiku? Ni nani atamlisha?

Nikaifunika kalamu.

Nikaketi kwenye stuli.

"Sogea kidogo, mwanangu," Mama alisema, kwa upole kabisa. "Hapo pana mtu."

Nikasogea kwenye mkeka. Akatikisa kichwa. Nako kulikuwa na mtu. Nikasogea pembeni ya kabati. Nako pia.

Nilisogea hadi mgongo ukagusa mlango, na Mama bado alikuwa akinionyesha kwa mkono, taratibu, nisogee tena kidogo.