Mistari Miwili Iliyozidi

Kila siku ya likizo, baada ya kufagia uwanja, msichana mmoja wa darasa la saba aliandamana na mama yake mdogo hadi maabara ya chuo. Nyumbani walimwita Chapuchapu, kwa sababu hata akioga, mgongo aliuosha nusu.

Chumba cha kazi kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha. Mtambo wa kugonganisha chembe ulinguruma nyuma ya ukuta mchana kutwa, na kila uliposhika kasi taa zilififia. Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kuhesabu mistari kwenye picha za mtambo huo, zilizopangwa katika bahasha kumi: iliyopinda kulia ni njia za chembe za maada, iliyopinda kushoto ni za antimaada, kinyume cha maada.

Bahasha tisa zililingana kulia na kushoto. Ya kumi ilizidi kulia kwa mistari miwili. Akadhani macho yamechoka. Badala ya kurudia, aliandika idadi sawa, akafunga daftari.

Mama mdogo alilisoma hadi mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba miaka yake miwili ya utafiti imekwenda bure, na leo hii atakifunga chumba. Akaanza kuzima swichi, moja baada ya nyingine. Mngurumo ukapungua.

Chapuchapu akauliza kuna ubaya gani vitu vikilingana.

"Maada ikikutana na antimaada, zote huangamia, unabaki mwanga tu," mama mdogo alijibu bila kugeuka. "Hapo mwanzo zilikuwa karibu sawa. Zingelingana kabisa, pasingekuwa na jua, wala wewe, wala mimi. Maada ilizidi kidogo mno, na hicho kidogo ndicho sisi. Kwa nini ilizidi, hakuna ajuaye. Ndilo nililokuwa natafuta."

Msichana alitazama vidole vyake kana kwamba vingetoweka. Mama mdogo alishafika kwenye swichi ya mwisho.

"Mama mdogo, nimedanganya. Bahasha ya kumi ilizidi miwili."

Hakukaripiwa. Walihesabu upya bahasha zote, polepole, mara mbili. Ile miwili ilikuwepo, na katika bahasha ya nne, aliyoipitia mbiombio, wakakuta mmoja mwingine uliozidi kulia. Mtambo ukawashwa tena.

"Mitatu haithibitishi kitu, huenda ni bahati tu," mama mdogo alisema. "Lakini inanipa sababu ya kuendelea kutazama. Mwanangu, ukiona jambo usilolielewa, liandike kama lilivyo. Ukilisawazisha ili lipendeze, unafuta kitu ambacho huenda hakuna mwingine atakayekiona."