Mwenge wa Mtarakwa

Dawa ya moto ni moto, husema watu. Hao hawajaona msitu ukiteketea. Dawa ya moto ni jina la aliyeuwasha.

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na rafiki yangu Eucabeth tulichota maji mtoni. Baba yake, Owiti, alitoka upande wa ziwani kuja kufanya kazi katika shamba la chai. Asubuhi moja ya kiangazi cha mwaka 1997, tuliona moshi ukipanda msituni. Kufikia jioni mlima mzima ulikuwa mwekundu. Kaka yangu Mathew alikimbia kuuzima moto kwa matawi mabichi. Alirudishwa amebebwa, miguu imeungua.

Moto ulikula msitu hadi mvua ilipokuja. Chifu akaitisha baraza. Baba mdogo Kipkosgei alikuwa wa kwanza kusimama.

"Ni Owiti! Kila siku yuko msituni. Arudi kwao!"

"Kuni nilitafuta, ndugu yangu," Owiti akajibu. "Lakini moto niwashe huko wa nini, na ugali naupikia nyumbani?"

Wachache walicheka. Wengi walipiga kelele: "Aende! Aende!" Eucabeth alinishika mkono.

Nikasimama. "Baba mdogo, mwenge wako uliuzima wapi?"

"Mwenge gani, wewe mtoto?"

"Wa magome ya mti wa mtarakwa, wa kufukuzia nyuki. Jioni ya kuamkia moto nilikuona ukipanda nao msituni ukifuka moshi. Ulishuka na ndoo ya asali tu."

Kwetu hata mtoto anajua: mrina asali huuzamisha mwenge wake mtoni kabla ya kulamba tone la kwanza. Owiti hajawahi kurina asali maishani mwake.

"Niliuacha chini ya mti," baba mdogo akanong'ona. "Nilidhani umezimika."

Askari wa msitu wakamchukua. Alipopita mbele yangu nilimkazia macho mpaka akainamisha kichwa. Nilifurahi, tena sana.

Nyumbani, shangazi Winny alinisubiri mlangoni. "Chepkemboi! Umemwaibisha baba yako mdogo mbele ya watu! Utamwomba msamaha."

"Mwache," baba akasema. "Kusahau mwenge ni kosa, na kosa hukiriwa. Yeye alitaka jirani afukuzwe kwa kosa lake mwenyewe. Heshima ya mkubwa hailindwi kwa uongo."

"Hata hivyo, mtoto ni mtoto. Aseme pole!"

Ndani, Mathew aliguna mama akimbadilishia kitambaa cha kidonda.

"Pole nimeshamwambia Mathew," nikajibu. "Baba mdogo simwombi msamaha, shangazi. Leo wala kesho."