Alama Elfu za Kiptum

Saa sita mchana, hoteli ya karibu na steji ya Kericho ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Mwanamume mrefu mwenye koti la kahawia, shati limepigwa pasi likanyooka, aliponyokwa na kikombe mkononi, na chai yote ikamwagikia sare nyeupe ya Moureen Nyakerario, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Mwone, amelewa mchana kweupe!" mhudumu akapayuka. Watu wakacheka, maana cha bure hakikataliwi.

Moureen hakucheka. Aliutazama ule mkono, ukitetemeka hata baada ya kulazwa mezani.

"Hajalewa, ni mgonjwa," alisema kwa sauti. "Mleteeni chai ingine, nyinyi wa kucheka."

"Umejuaje?" mwanamume akauliza.

"Ndiyo kazi yangu. Na umeniharibia sare, kwa hivyo Jumanne utakuja kliniki uniombe msamaha vizuri."

Hezekiah Kiptum alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alikuwa dereva wa trekta la majani chai, mpaka daktari alipomwambia ana ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa, na ufunguo ukachukuliwa. Jumanne akaja. Moureen akamsimamisha mbele ya runinga yenye kamera. Maparachichi yalidondoka kwenye skrini, naye alipaswa kupiga hatua, kuinama na kunyoosha mkono ayadake. Ulikuwa mchezo wa watoto, ila kwa mwili kama wake ulikuwa mazoezi halisi.

"Mtu mzima nadaka avokado za hewa!"

"Na bado unazikosa. Jana nyanya wa miaka themanini alikushinda."

"Huyo hakuwa na daktari mrembo wa kumchanganya."

"Daka, wewe!"

Mapenzi ni kikohozi. Kufikia mwezi wa pili hata mfagiaji wa kliniki alijua, na simu hazikukatika.

"Umekula dawa?" Moureen angeuliza.

"Nimekula. Na wewe, umekula?"

"Mimi si mgonjwa."

"Nauliza chakula, Daktari wangu."

Lakini Kiptum alikuwa na sharti lake. "Kwetu, siku ya harusi, tunafungana ujani wa segutiet mkononi," alimwambia. "Nataka nikufunge mwenyewe mbele ya watu, bila mtu kunishikia. Nikifikisha alama elfu kwenye ule mchezo, natuma wazee kwenu Kisii."

Alama zikagoma kwenye mia sita. Wiki ya nne ya kukwama Kiptum akaanza kununa, na Moureen, ambaye wadogo zake wote walikuwa wameolewa, akashindwa kuvumilia. Asubuhi moja, kabla Kiptum hajaingia, aliushusha mchezo kutoka kiwango cha nne hadi cha tatu. Maparachichi yakadondoka polepole. Mia saba! Kiptum alimkumbatia mbele ya wagonjwa wote, na furaha ile ikamlevya Moureen kuliko chang'aa.

Asichokijua ni kwamba Kiptum alifika nyumbani akaanza kumeza tembe moja badala ya mbili. Zilimtia kichefuchefu, na mtu anayepona anameza dawa za nini? Mwili ukazidi kuwa mzito. Moureen alimwona akikokota miguu, asielewe, akashusha tena na tena mpaka kiwango cha kwanza. Alama elfu na kumi! Wazee wakaenda Kisii, tarehe ya harusi ikawekwa.

Njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi moja Moureen hakuwa kazini, na mwenzake Ratemo ndiye aliyewasha mashine.

"Bwana Kiptum, mbona uko level ya kwanza? Hii ni ya watu wameanza jana."

Akairudisha ya nne. Kiptum alipata alama tisini, kisha akajikwaa, akaangukia kiti na kupasuka mdomo. Alipiga simu damu ikiwa bado haijakauka.

"Moureen, ulishusha?"

"Nilitaka ufurahi, mpenzi."

"Nilipunguza dawa. Nilidhani napona."

"Ulipunguza dawa? Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe?" Akakata.

Jumamosi Moureen alivaa rinda la kijani alilolipenda Kiptum, akaenda kwake. Alimkuta nje, mdomo umevimba, rundo la segutiet kando yake.

"Kaa," Kiptum alisema. "Leta mkono. Nikifunga, harusi iko. Lakini usinisaidie."

Ujani ulianguka mara tano. Kiptum alitokwa na jasho, Moureen akauma meno. Mara ya sita ujani ulizunguka, ncha ikaingia kitanzini, ikaanza kuteleza. Kidole cha mkono wa pili wa Moureen kikaibana. Fundo likashika.

Haki ya Mungu, hakukusudia. Miaka kumi na mitatu kidole kile kilikuwa kikishikia wagonjwa.

"Umenishikia," Kiptum alisema.

"Kidogo tu, mpenzi. Ingetoka!"

"Ingetoka, ningeanza tena. Hata kama ni mpaka kesho."

Akajaribu kulifungua fundo, likamshinda. Akausukuma mkono wa Moureen umrudie mwenyewe.

"Fungua."

"Kiptum, tafadhali..."

"Wewe ndiye unaweza. Fungua, uende."

Moureen alifungua huku akilia. Vidole vyake havikutetemeka hata kidogo, wala havikuchukua sekunde mbili.