Birika la Meza ya Bwana Harusi

"Nimepata vinywaji!" Esenbek alipiga kelele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Nyuma yake upepo ulikuwa unavuma. "Salkin, unanisikia? Lita themanini! Mfugaji ameniahidi."

"Lita themanini za nini?"

"Kumisi. Maziwa ya farasi, yamechachuka vizuri kabisa."

Nikavuta kiti cha jikoni nikakaa.

"Esenbek, kumisi inalewesha."

"Kidogo tu."

"Kidogo kwa nani?"

Nikasikia farasi akikoroma, kisha sauti yake ikarudi ikiwa chini.

"Kweli. Kwangu mimi si kidogo."

"Umeonja?"

"Sijaonja. Nimenusa, na pua imeshaanza kuniletea maneno. Naondoka hapa sasa hivi."

"Ondoka, mpenzi. Usimuage hata mtu."

Huyo ndiye mwanaume niliyekuwa naenda kuolewa naye baada ya siku kumi na mbili. Mimi Salkinai, mjane wa miaka arobaini na saba, mpishi wa hospitali hapa mjini Karakol. Yeye huendesha greda la kusafisha theluji barabarani. Zamani alikunywa mpaka mke wake akamkimbia, na hakunificha. Siku ya kwanza aliponikaribisha chai aliniambia, "Mimi ni mlevi ambaye leo hajanywa, na leo hizo zimefika miaka mitatu. Kama linakusumbua, maliza chai nikurudishe kwako."

Nilimaliza chai, nikaagiza nyingine.

Mume wangu wa kwanza, Jumabai, alitoka kwenye harusi ya jirani mwezi wa Januari akiwa amelewa, na hakufika nyumbani. Asubuhi walimkuta kando ya barabara, theluji imemfunika. Binti yetu Perizat alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tangu siku hiyo niliapa kwamba kwenye meza yangu haitakaa chupa ya vodka, awe anaolewa nani, awe anazaliwa nani.

Kaka yangu Kalmurat alikuja kubishana kabla Esenbek hajarudi kutoka malishoni.

"Meza bila vodka? Watu watadhani wamekuja matangani."

"Siku hizi hata matangani wanakunywa, kaka."

"Usinichekeshe. Sikiliza. Wageni sabini, na kila mmoja atasimama kuwatakia heri. Akisimama, ananyanyua nini? Soda ya watoto? Mzee wa miaka themanini anyanyue soda?"

Swali lilikuwa la kweli. Kwetu neno la heri bila glasi ya kunyanyua ni kama salamu bila mkono.

Perizat naye, ambaye sasa ana miaka ishirini na minne na ulimi wa bibi yake, alingoja mjomba aondoke.

"Mama, unaenda kuolewa na baba yuleyule mara ya pili."

"Huyu hanywi, Perizat."

"Bado."

* * *

Kesho yake mimi na Esenbek tuliingia duka kubwa la sokoni. Nilishika chupa ya shampeni ya watoto, yaani soda ya povu, imechorwa dubu anayecheza ngoma.

"Wazee watanyanyua dubu?" akauliza.

Tukacheka mpaka muuzaji akatutazama. Nikaenda rafu ya pili.

"Basi hii hapa. Bia isiyo na kilevi. Wameandika wenyewe, soma."

Hakusoma. Aliingiza mikono yote miwili mfukoni.

"Hiyo usiiweke mezani, Salkin."

"Lakini haina..."

"Ina ladha. Ladha inajua njia ya kufika kwangu."

Hakuwa mtu wa kuombaomba. Nikairudisha chupa polepole, na pale katikati ya duka nikamshika mkono, jambo ambalo watu wa umri wetu hawalifanyi mjini.

Aliyetuokoa ni Lyuba, jirani yangu Mrusi wa miaka sabini, mwenye bustani inayofika hadi mtoni.

"Nyie wawili ni wajinga," alisema. "Nina chichirkanak ukuta mzima, mnahangaika na madubu?"

Chichirkanak ni vitunda vidogo vya rangi ya chungwa, vina ukali wa kufinya uso, na miti yake ina miiba kama sindano. Baridi kali ya kwanza ilikuwa imeshapiga, kwa hiyo vilikuwa vinadondoka ukivigusa. Tulichuma siku mbili. Perizat alikuja siku ya pili bila kuitwa, akasimama mlangoni mwa bustani, akamwona Esenbek amepiga magoti mbele yangu akinitoa miiba vidoleni mmojammoja, miwani yake ikiwa imeshuka puani. Alichukua ndoo akaanza kuchuma upande wa mbali.

Nilikamua, nikachanganya na asali na tangawizi iliyochemshwa, kisha nikaongeza maji ya chemchemi yenye gesi. Ukiinyanyua glasi unaona rangi ya jua. Ukimeza, inakukamata kooni kama kitu cha watu wazima.

Lyuba alionja, akafumba jicho moja.

"Hii hata marehemu mume wangu angeiita kinywaji."

* * *

Asubuhi ya Jumamosi shehe alitufungisha ndoa nyumbani, na saa saba mchana ukumbi ulikuwa umejaa. Nyama, tambi, maandazi ya borsok yamemwagwa mezani kama mchanga, na kila meza ina majagi ya kinywaji chetu, rangi ya chungwa inayong'aa. Mzee wa kwanza alisimama, akaitazama glasi yake kwa mashaka, akatutakia watoto kumi (ukumbi ukalipuka kwa kicheko), akanywa. Akakunja uso. Akaomba aongezewe.

Nikapumua.

Kalmurat alikuwa ameomba asimamie chai. "Mabirika niachie mimi, mdogo wangu. Leo wewe ni bibi harusi." Nilifurahi kwamba amelainika.

Nilikuwa nimeinuka kwenda kusalimia wageni wa meza za nyuma, Perizat akanikamata mkono. Uso wake umepauka. Ameshika bakuli la chai, maana kwetu chai hunywewa kwenye vibakuli.

"Mama, nusa."

Nilinusa. Vodka.

"Umeitoa wapi?"

"Meza ya rafiki za mjomba, ndiyo maana wanaimba. Lakini kuna birika lingine." Akaonyesha meza yetu kwa kidevu. "Liko mbele ya bwana wako. Na bakuli lake limejaa. Nilikwambia, Mama. Nilikwambia!"

Sijui nilivukaje ukumbi ule. Esenbek alikuwa ameketi peke yake kwenye meza yetu, viganja vyote viwili vimelala magotini, jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Mbele yake bakuli la "chai" lisilo na mvuke.

"Umekunywa?"

"Hapana."

"Mbona umekaa nalo?"

"Kaka yako amenimiminia mwenyewe. Ameniambia, 'Chai, shemeji.' Nimeitambua kabla haijatua mezani." Macho yake yalibaki bakulini. "Nikisema, nimemwaibisha kaka yako kwenye harusi yako. Nikinyamaza, iko hapa. Nimeshindwa kuinuka, Salkin, na nimeshindwa kuisukuma. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Kila mlevi husema hajanywa," Perizat alisema nyuma yangu, na hakupunguza sauti. "Baba pia alikuwa anasema."

Watu wa meza za karibu wakageuka. Ni kweli, Jumabai alikuwa anasema hivyo, na mimi nilikuwa naamini, miaka kumi na minne.

Basi nikainama, nikamshika Esenbek mashavu, nikambusu mdomoni. Mbele ya wazee, mbele ya shehe, mbele ya shangazi zangu wote. Na sikuharakisha. Nilitafuta. Nikakuta ukali wa chichirkanak, nikakuta asali, nikakuta tangawizi, na chini yake pumzi ya mtu mwenye hofu. Kingine hakikuwepo. Harufu ya vodka kwenye mdomo wa mwanaume siwezi kudanganywa nayo.

"Chungu!" Lyuba alipaza sauti kutoka kona yake, kama Warusi wanavyopiga kelele harusini wakitaka maharusi wabusiane. "Chungu! Chungu!"

Ukumbi mzima ukaitikia, watu wakapiga meza kwa viganja. Shehe alianza kuichunguza dari kwa makini sana.

Nikamgeukia binti yangu. "Hana kitu, Perizat. Ni safi."

Alimtazama Esenbek, yule mwanaume mkubwa wa greda, viganja vyake bado magotini. Kisha akalichukua bakuli, akalichukua na birika.

"Nakuletea chai," alimwambia. "Ya kweli. Nitaimimina mwenyewe."

Kalmurat nilimkuta nyuma ya ukumbi, amejiegemeza ukutani, birika mkononi.

"Mabirika mangapi, kaka?"

"Matatu."

"La rafiki zako naelewa. La kwake je? Unajua alivyo!"

Alishindwa kuniangalia. "Nilidhani akinywa moja tu atakuwa kama sisi. Nikikaa naye najiona uchi. Na zamu yangu ya kusema inakuja, Salkinai. Mimi kaka mkubwa. Sijawahi kusimama mbele ya watu bila kunywa. Sijui mtu anaanzaje."

"Anaanza vibaya," sauti ikasema. Esenbek alikuwa amenifuata. "Mimi mara ya kwanza nilisahau hadi jina la bwana harusi. Mwaga hiyo, shemeji, uingie. Nitasimama pembeni yako."

"Baada ya nilichokufanyia?"

"Nimekasirika sana. Lakini nitasimama."

Aliimwaga. Akaingia. Alinyanyua glasi ya kinywaji chetu, nusu ikamwagikia shatini.

"Mimi... Salkinai ni mdogo wangu," alisema, akakwama. Esenbek hakumgusa, alisimama tu karibu. "Jumabai alikuwa rafiki yangu. Siku ile tulitoka pamoja. Nilimwacha njia panda aende peke yake, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa siwezi kutembea. Miaka kumi na moja sijamwambia mtu." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Na leo nimetaka kumfanyia mdogo wangu vilevile tena. Namtakia... nawatakia mfike nyumbani. Kila siku. Wote wawili."

Nitakuwa mwongo nikisema nilimsamehe palepale. Ila niliinuka, nikanyanyua glasi yangu. Na Perizat, mtoto wa Jumabai, akatoka mezani kwake, akaenda akaishika glasi ya mjomba wake kwa mikono miwili ili isimwagike zaidi.

"Kunywa, mjomba," alisema huku analia. "Tunakungoja."

Akanywa. Ukumbi wote ukanywa naye.

Tulicheza mpaka jua likaelekea mlimani. Watu walipakia watoto wao wakaendesha magari wenyewe, isipokuwa rafiki za Kalmurat waliopakiwa pamoja na watoto, na Kalmurat akakumbatiwa mlangoni na watu ambao hakuwatarajia. Tulipobaki wawili kati ya meza tupu, Esenbek aliketi akalegeza kola.

"Umechoka?" nikamuuliza.

"Nimeogopa sana leo."

"Na kesho?"

"Kesho nayo nitaogopa," alisema. "Ila kesho naamka kwako."

"Kwetu," nikamwambia, nikambusu tena, safari hii bila kutafuta kitu.