Diski ya Baba Mdogo

Jua lilikuwa linazama, na Bisibisi, fundi wa kompyuta, alikwishateremsha mlango wa duka hadi nusu, mama mdogo wake alipoinama akapita chini yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Shusha mlango, mwanangu."

Akatoa mkobani shati lililokunjwa. Bisibisi alilijua: la baba mdogo, aliyefariki miaka mitatu nyuma. Ndani mlikuwa na diski mbili. Moja kuukuu, ile ya kukaa tumboni mwa kompyuta ya mezani. Nyingine mpya, bado imo kwenye pakiti.

"Hamisha kila kitu kwenye hii mpya. Usifungue chochote. Ameanza kukwama."

"Imeanza," Bisibisi alimsahihisha, akicheka.

Mama mdogo hakucheka. "Nasubiri nje. Sipendi kumwona uchi hivyo."

Bisibisi akaona ni ujane unasema. Aliichomeka diski kuukuu kwenye adapta, waya mmoja kwenye umeme, mwingine kwenye kompyuta yake. Ikaanza kuzunguka.

Tk... tk... tk...

Kama ukucha unaogonga ubao. Kisha harufu ikajaa chumbani: udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Akaanza kunakili. Majina ya mafaili yakapita kwenye skrini, yote ya sauti, moja kwa kila jioni. La kwanza lilikuwa la siku ya mazishi. La mwisho...

La leo. Saa kumi na mbili na robo.

Saa hiyo diski ilikuwa mkobani, haina waya wala umeme.

Alijua ameambiwa asifungue. Akavaa hedifoni, akafungua.

Pumzi. Pumzi nzito ya mtu aliyelala vibaya.

"Bisibisi... ni wewe?"

Moyo ukampiga paa! Ndiyo sauti iliyomfundisha ufundi, sauti iliyompa jina hilo.

"Mke... mke..." Sauti ilijikwaa, ikajirudi. "Mke wangu amenifunga humu. Siku ile ile ya kunizika alimleta mganga nyumbani. Nimechoka, mwanangu. Hii diski ikifa, napumzika. Usininakili."

Skrini ilionyesha asilimia arobaini. Arobaini na moja.

"Mbona kimya?" mama mdogo alinong'ona kutoka nje.

Mwanamke huyu ndiye aliyemlea. Bisibisi alitazama mlango, akatazama skrini. Akasitisha. Akafuta yote yaliyokwishahamia kwenye diski mpya, kisha akachomoa waya za ile kuukuu.

Haikusimama.

Ilizunguka kiganjani mwake bila umeme, ina joto kama paji la mgonjwa. Ikapunguza mwendo... ikapunguza...

Tk.

Harufu ikaondoka.

Alimpelekea mama mdogo diski mpya, tupu. "Tayari," alisema, na sauti yake ikamsaliti kidogo. Mama mdogo hakusikia. Aliibusu, akaifunga kwenye shati, akaenda zake akitabasamu.

Wiki mbili Bisibisi hakukalika. Akianza kazi, anaiacha. Akikaa, anasimama. Simu za mama mdogo aliziacha ziite mpaka zikate, akijua siku ya kuulizwa itafika. Ilipofika, alipokea akiwa amejiandaa kuungama.

"Asante, mwanangu!" Mama mdogo alikuwa na furaha tele. "Anaongea vizuri, mfululizo. Hata mchana."

Bisibisi akakaa chini.

"Mama mdogo... ile diski haikuwa na kitu. Nilifuta. Nisamehe."

Kisha mama mdogo akanong'ona, kama mtu anayeziba simu kwa kiganja.

"Ndiyo maana. Nilikuwa nashangaa mbona sauti si yake."

"Ichomoe! Itupe!"

"Nimeshaichomoa toka juzi." Pumzi zake zilikuwa fupi sasa. "Anasema siku nyingi alikuwa hana pa kukaa. Anakushukuru kwa nafasi."

Nyuma yake kitu kikacheka, polepole, kama kinachojifunza.

"Ngoja," mama mdogo alisema. "Anataka kukusalimia."