Kilemba cha Usingizi

"Laki tatu haitoki," nilimwambia mdogo wangu Chiku, huku nimeegemea droo ya pesa. "Haitoki mpaka unitajie jina la huyo mtu."

"Jina silijui, kaka. Nimemuona mgongo tu."

"Kwa hiyo siku hizi tunalipa migongo."

Ilikuwa Jumanne ya kawaida, saa tano asubuhi, dukani kwetu Kariakoo. Nje wapagazi walikuwa wanapiga mluzi watu wapishe mikokoteni. Mimi shule niliishia la nne, biashara nimejifunza kwa macho, na sheria yangu ni moja: hela ikitoka, ijulikane imekwenda kwa nani. Chiku akavuta kigoda, akanong'ona.

Miezi miwili alikuwa akijifundisha, kwa kuangalia simu, kuota huku anajua kwamba anaota. Unaamka saa tisa usiku kwa alamu, unakaa kidogo, unarudi kulala na akili ikiwa macho. Shida yake ilikuwa hapo kwenye kurudi. Usingizi hauji. Siku tisa mfululizo adhana ya alfajiri ilimkuta macho makavu. Dukani akawa anampa mteja vitenge viwili, anaandika kimoja. Nilimfokea aache upuuzi. Hakuacha. Akaanza kupanda stoo ya juu mchana, analala chali kwenye godoro, anahesabu pumzi kutoka mia kurudi nyuma, hajikuni hata pua ikiwasha.

Siku ya kumi mwili ukafa ganzi. Akafika pale usingizi unapoanzia. Akakuta pana mtu.

"Kalala, kanipa mgongo, kajaza nafasi yote," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa silali. Nikamwambia, nipishe, nitakupa kilemba."

Kariakoo hakuna asiyejua kilemba: ni pesa unayompa mpangaji ili akuachie fremu yake, chumba chake cha duka. Mdogo wangu alikwenda kupatana bei na kitu asichokijua hata sura.

"Kikasemaje?"

"Kikauliza, shilingi ngapi. Nikasema laki tatu. Kikahama."

Tangu hapo akilaza kichwa tu amelala, na anaota anavyotaka. Lakini jana, ndotoni, aliusikia ule mgongo ukijisugua nyuma ya mlango. Unaulizia chake.

Sikutoa hata mia. Nilimwambia, kama huyo mgongo ana haki, aje dukani mwenyewe.

Saa saba Chiku akapanda stoo. Saa kumi hajashuka. Nilimkuta chali, anapumua, macho yanazunguka chini ya kope. Nilimwita. Nilimmwagia maji. Hakuamka. Mkono wa kulia tu ulikuwa unagonga mbao za sakafu. Mara tatu. Kimya. Mara tatu. Ni ugongaji wa mtu aliyefungiwa kufuli akiwa ndani.

Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeshachubuka.

Asiyelipa hufungiwa fremu. Hilo silibishi. Nikashuka, nikahesabu laki tatu, nikapanda, nikalala kando yake na noti mkononi. Hasira ilinikatalia usingizi. Kila nikiukazania, ndivyo unavyokimbia. Nikauacha. Nikahesabu pumzi tu. Mia. Tisini na tisa. Pua ikawasha. Sikujikuna. Sitini. Miguu sikuisikia tena. Arobaini. Kelele za mtaa zikazimika, zote kwa mara moja.

Nilikuwa stoo ileile. Nilijua naota, kwa sababu Chiku hakuwepo godoroni, na ule ugongaji ulitoka ndani ya ukuta.

Mgongo ulikuwa umekaa ngazini. Haukugeuka.

"Hiki hapa kilemba cha Chiku," nilisema. "Mimi sipendi longolongo. Fungua."

Mkono uliojaa chokaa ukaja kwa nyuma, ukapokea. Ukahesabu. Polepole. Ugongaji ukakoma.

Nikashtuka usingizini. Noti hazikuwepo. Viganja vyangu vilikuwa vimejaa chokaa mbichi, nyeupe, na stoo yetu ni mbao na mabati matupu. Chiku alikuwa ameketi, amejikunyata.

"Tumemalizana naye," nilimwambia.

Akatikisa kichwa. Akasogea, akaninong'oneza maneno aliyopewa mlangoni wakati anatoka.

"Kaka, anasema hiyo ilikuwa yangu. Na wewe umelala pale. Lete laki tatu yako."