Hodi Mchangani

Jina la mto huo silisemi, maana watu bado wanakunywa maji yake. Jua tu kwamba ni mto wa msimu, uko chini ya Matiliku, na Ndinda aliufikia saa tano asubuhi kwa pikipiki ya shirika, akiwa na njaa na bila wasiwasi wowote. Ilikuwa tarehe mosi Septemba. Kila tarehe mosi huanza kuzunguka mabwawa ya mchanga akipima maji, kisha anarudi ofisini Kwa Vonza kuandika ripoti.

Kama hujawahi kuona bwawa la mchanga, usitafute maji. Utaona ukuta wa zege umekatiza mto, na nyuma yake mchanga mkavu, mbuzi wamelala juu yake. Maji yamo ndani, mahali jua haliyafikii. Mvua ikinyesha milimani, mto unaleta mchanga mpya, ukuta unaushika mchanga, na mchanga unayashika maji. Wanakijiji wanachota kwa pampu iliyo ukingoni. Ili kujua yamebaki kiasi gani, shirika lilisimamisha mabomba matatu ya plastiki humo mchangani. Unateremsha kamba ya kupimia yenye kikengele, inalia ikigusa maji, unasoma namba. Basi.

Kazi hiyo ilikuwa ya Kyule, mume wake. Kyule alikuwa mtu wa mzaha. Kabla ya kuteremsha kamba aligonga bomba mara tatu na kupiga hodi, eti nge wapate nafasi ya kuvaa nguo. Siku bwawa hili lilipokamilika, kila mtu wa kikundi kilicholijenga alibandika kiganja chake kwenye saruji mbichi juu ya ukuta, kama ilivyo desturi yao. Cha Kyule utakitambua upesi. Kidole cha mwisho ni kifupi, maana mashine ya kukoroga zege ilikula nusu yake.

Novemba mwaka juzi, mafuriko yalimchukua akiwa anapima hapo hapo. Juu yake anga lilikuwa safi. Mvua ilikuwa ikinyesha Nunguni, mbali huko milimani. Watu walimtafuta siku sita, wakifuata mto kuelekea chini, wakapata kiatu kimoja. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba ya mama yake, likangoja, mpaka mvua ikalibomoa.

Hayo kila mtu anayajua. Hili lingine alilijua Ndinda peke yake. Asubuhi ile waligombana, tena kwa upuuzi: Kyule alikuwa amempa binamu yake godoro la wageni bila kuuliza. Mchana, Mulwa, mtu wa shirika kule Nunguni, alimpigia Ndinda simu ofisini. Mto unashuka, toeni watu mchangani. Ndinda akapigia mabwawa mengine yote. La Kyule akaliacha la mwisho, akaketi na simu mkononi. Aanze yeye, alisema moyoni. Aniombe msamaha kwanza. Aliona wakati bado upo, kwa sababu maji huchukua zaidi ya saa nzima kufika. Siku hiyo hayakuchukua. Dakika ishirini baadaye alipopiga, simu iliita, ikaita, ikakatika.

Sasa alipima bomba la kwanza, akaandika. La pili, akaandika. Kwenye la tatu, lililo karibu na ukuta, mkono wake ulifanya jambo ambalo hakuna mtu aliyelifanya tangu msiba. Uligonga mara tatu.

"Hodi," alisema, akacheka kidogo, machozi yakamjia.

Chini, ndani ya bomba, kitu kikagonga mara tatu.

Ndinda alitulia. Ni joto, alijiambia, plastiki inajinyoosha. Akagonga mara mbili. Zikarudi mbili. Akagonga moja. Ikarudi moja, taratibu, kama mtu aliyechoka. Mbuzi waliokuwa wamelala mchangani walikuwa wamesimama wote, wakimtazama.

Hapo ndipo alipoelewa. Mafuriko yaliyomchukua Kyule ndiyo yaliyojaza bwawa mchanga. Walimtafuta kuelekea chini, siku sita, wakipita juu yake asubuhi na kurudi juu yake jioni.

Mama mkwe wake, Mbula, alikuwa uani kwake, hatua chache kutoka kwenye pampu, akichambua mbaazi. Ndiye mwenyekiti wa kikundi kilichojenga bwawa hilo, mama wa kanisa, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Ndinda alipiga magoti mbele yake, akamwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, Kyule yuko kwenye bwawa. Yuko kwa mchanga. Wacha tuite watu wachimbe."

Mbula hakuinua macho.

"Punguza sauti. Kuna watoto kwa pampu."

"Amenijibu, mwaitu."

"Najua. Hata mimi ananijibu." Mkono wake uliendelea kuchambua. "Kila siku, kabla haijatoa maji, ile pampu inagonga mara tatu. Ndiyo maana nachota wa kwanza. Sitaki mwingine asikie."

"Muda wote huu? Na tunakunywa?"

"Tutakunywa nini kingine? Tukiufungua huo mchanga Septemba, jua linamaliza yaliyobaki kwa wiki. Na wakijua, hakuna mtu ataweka hayo maji mdomoni tena. Wataanza tena kutembea kilomita kumi na moja. Binti ya Mutisya alikufa kwa hiyo njia, mtungi ukiwa mgongoni. Umesahau?"

Ndinda hakuwa amesahau. Yeye ndiye aliyeandika jina la mtoto huyo kwenye barua ya kuomba bwawa lijengwe.

"Nataka kumzika tu," alinong'ona.

"Na mimi sitaki?" Mbaazi zilimwagika. Ndipo Mbula alipolia, bila sauti, mdomo wazi. "Mimi nilimnyonyesha miaka miwili, Ndinda. Sasa ananinywesha yeye. Mwache hapo."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ndinda alimwokotea mbaazi moja moja, akarudi mtoni.

Jua lilikuwa limelalia upande. Watoto walikuwa wamekwenda. Alipiga magoti penye bomba la kwanza, mbali na ukuta, kwa sababu la tatu lilimtisha. Akaweka mdomo kwenye tundu.

"Kyule. Mulwa alinipigia simu mapema," alisema. "Nilikaa nayo dakika ishirini. Nilikuwa nangoja wewe uanze. Nisamehe."

Aligeuza kichwa, akaweka sikio kwenye tundu.

Halafu bomba la tatu likagonga. Mara tatu.

Likagonga la pili. Hakuna mtu aliyelikaribia. Kati ya bomba la pili na la kwanza mchanga ulianza kushuka kidogo kidogo, mstari mwembamba ukija upande wake. Alitaka kusimama. Badala yake akaliegemea bomba. Maji yalikuwa mita mbili chini, alikuwa ameyapima mwenyewe. Lakini magoti yake yalikuwa yamelowa.

Bomba aliloegemea likagonga mara moja.

Alifumba macho. Alisikia baridi mgongoni, baridi ya kisima, na harufu ya saruji mbichi. Haikumsukuma. Haikumvuta. Alikaa hivyo, hajui kwa muda gani, kisha ikaondoka. Aligonga bomba. Akagonga tena. Alizunguka yote matatu akigonga na kuita jina, mpaka vidole vikavuja damu. Hakuna kilichojibu. Na alilia wakati huo kuliko siku ya kiatu, kwa sababu sasa Kyule alikuwa amekwenda kweli.

Mbula alikuwa amemngoja mlangoni.

"Kesho ile pampu haitagonga, mwaitu," Ndinda alisema, akapita kuingia ndani.

"Ngoja. Nani amekushika mgongoni?"

Alimvua shati. Lilikuwa shati la kazi, la buluu, na katikati ya mgongo palikuwa na kiganja cha mchanga mbichi. Vidole vinne vizima. Cha mwisho kifupi. Mbula aliweka kiganja chake juu yake, akakiacha hapo mpaka giza likaingia.

Septemba hiyo hakuna tone lililoanguka Makueni nzima. Shati lilitundikwa kwenye kamba uani, jua la mchana, wiki tatu. Lilipauka, likakakamaa. Kile kiganja bado ni kibichi. Asubuhi, kabla ya kwenda kuchota, Mbula hukigusa kwanza, na mkono wake hurudi umelowa.